Dakika Tano za Rosebella

Ni saa mbili unusu asubuhi na baridi ya Eldoret bado haijatoka kwenye kuta. Katika ghorofa ya pili ya jengo moja nyuma ya soko kuu, Hulda Nanzala amepiga magoti sakafuni mbele ya kompyuta kuukuu. Anaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole.

"Hodi," anasema, kisha anangoja kidogo, kama mtu aliye mlangoni pa jirani.

Hapajibiwi. Anafungua skrubu, anavuta kifuniko, anaingiza uso ndani na kunusa.

Hodi hiyo ina sababu mbili, na ukimuuliza atakupa ile nyepesi kwanza. Ndani ya mashine zilizolala stoo miaka mingi amewahi kukuta panya na wanawe, nyuki, na siku moja gamba la nyoka lililojizungusha kwenye feni. Sababu ya pili huisema akiangalia kando.

"Kompyuta ni ya mtu. Hata akienda, kuna venye inabaki yake. Huwezi ingia tu."

Kaa chumbani mwake kidogo na utaanza kukubali. Rafu zimepanda hadi darini, zimejaa mashine zilizogeuka rangi kama meno ya mvuta sigara. Kwenye kona ipo monita iliyotoka katika ofisi ya kukatia tiketi za mabasi, ofisi iliyofungwa zamani. Waya wake umekatwa. Lakini mwanga wa dirisha ukiipiga kutoka upande, maandishi hafifu hujitokeza kwenye kioo: Kitale, Lodwar, Malaba, na saa za kuondoka. Ratiba ilikaa pale muda mrefu mno hadi ikaungua ndani ya kioo. Mabasi yenyewe yalishauzwa kama vyuma chakavu. Ratiba bado inasomeka, na wapo wateja wanaomwomba Nanzala aigeuze iangalie ukuta kabla hawajaketi.

Nanzala, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alikuja mjini kutoka upande wa Kimilili akiwa msichana. Alianza kwa kupima magunia ya mahindi, kisha akapata kazi ya kuhudumia wateja katika saiba, enzi zile watu walipokuwa wakipanga foleni hadi barabarani ili kusoma barua pepe. Simu zikaja, foleni zikaisha, saiba zikafungwa moja baada ya nyingine. Mwajiri wake alipohama mji alimwambia achukue anachotaka. Wenzake walichukua viti. Yeye alichukua kompyuta.

Leo anazikusanya kutoka shule, viwanda vya mbao na ofisi zinazohama. Nyingine huzihifadhi kwa mapenzi tu, pamoja na diski zake laini zilizopangwa kwenye makopo ya maziwa ya unga ili unyevu usiziharibu. Nyingine huuza. Kuna mwenye kinu cha unga ambaye mizani yake ya malori haielewi mashine yoyote mpya. Kuna mwanariadha mstaafu anayetaka michezo aliyocheza akiwa kidato cha pili. Mwezi mzuri humwachia shilingi elfu thelathini hivi. Mwezi mbaya humwachia kodi ya chumba na shukrani.

Ana sharti moja ambalo limemkosesha wateja wengi: hafungui kilichomo ndani ya mashine ya mtu, wala kukifuta, kabla mwenyewe au watu wake hawajasema sawa. Wanaojua biashara wanamcheka. Wengine huuza kila kitu na maiti ndani, yaani na faili za mwenyewe zikiwa bado humo, ndivyo wanavyosema mafundi wa mjini wakimtania.

Ni sharti hilo lililomwingiza katika jambo ambalo mwaka huu jengo zima limekuwa likilizungumza, kuanzia kwa walinzi hadi kwa wauza chai.

Lilianza mchana, wakati wa mvua za masika. Nanzala alikuwa amenunua kwa kilo shehena ya vitu kutoka stoo ya jengo lililotaka kubomolewa upande wa pili wa mji. Alizipanga kompyuta kando ya ukuta, akazichomeka kwenye stima bila kuziwasha, apate kujua kesho yake zipi zina uhai. Radi ikapiga, stima ikapotea. Akafunga chumba, akashuka kula.

Stima iliporudi alikuwa bado kibandani na sahani yake. Mzee Wahome, mshonaji mwenye cherehani chini ya ngazi, alikuwa akimpima mteja kiuno. Ndipo sauti ya mwanamke ikasikika kutoka juu, ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu asiye na haraka.

"Mteja, umebakisha dakika tano. Maliza kazi yako."

Mteja wa Mzee Wahome aliondoka na futi ya kupimia ikiwa bado kiunoni. Hajarudi kuchukua suruali.

Kwa muda Mzee alidhani ni redio. Lakini mlango ulioangaliana na wa Nanzala ni saluni ya Kabura, na Kabura aliisikia kwa karibu zaidi. Aliketi kwenye kiti cha wateja wake mwenyewe, akashika kichwa. Sauti ile aliijua. Zamani alikuwa akienda katika saiba ya mwanamke aliyeitwa Rosebella, kumwandikia mchumba aliyekuwa Qatar, mchumba ambaye siku hizi hatajwi. Rosebella ndiye aliyekuwa akisema maneno hayohayo kupitia spika kila saa ya mteja ilipokaribia kuisha. Na Kabura alikuwepo walipomzika.

Nanzala aliporudi alikuta mkutano kwenye ngazi. Aliwaeleza alichokijua. Wenye saiba wengi waliziweka mashine zao ziwake zenyewe stima ikirudi, wasisumbuke kuzunguka wakibonyeza. Programu ya kuhesabu muda ilimruhusu mwenye saiba kurekodi onyo kwa sauti yake. Bila shaka hii ilikuwa mashine ya Rosebella, imeamka na kufanya ilichoambiwa.

Maelezo yalikuwa mazuri na hakuna aliyeyataka. Juma lililofuata stima ilipotea tena na mashine ikasema tena, kwa sababu Nanzala alikuwa ameichomoa lakini mfagiaji akaurudisha waya akidhani ni wa friji. Mlinzi wa mlango wa nyuma, aliyekuwa akipita koridoni, alianguka siku ya pili yake na kulazwa. Alikuwa na presha tangu zamani, lakini hilo halina utamu wa kusimulia. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika mtaa wa Langas ikiwa na maiti watatu. Wapangaji wakaenda kwa mwenye jengo. Naye akampa Nanzala hadi mwisho wa mwezi: mashine itoke ichomwe, au atoke nayo.

"Walikuwa wananiambia, Hulda, si uitoe tu hiyo kitu, ni chuma," anakumbuka. "Lakini nilikuwa nimeona jina kwenye kioo. Mteja wa mwisho kuingia alikuwa Rosebella mwenyewe. Saa yake haikuwahi kuisha. Stima ilikuwa inapotea kila mara kabla."

Kabura ndiye aliyetafuta namba ya familia. Kwa simu, kule Webuye, alipatikana Mama Edinah, mzazi wa Rosebella. Alisikiliza hadithi yote bila kukatiza, kisha akauliza swali moja tu: hiyo kompyuta aligawiwa nani?

Hapo kila kitu kikapata jina. Kwao, baada ya mazishi, vitu vya marehemu huletwa uani na kugawiwa jamaa hadharani: huyu koti, huyu sufuria, huyu jembe. Kitu kisichogawiwa hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakitulii. Rosebella alipochukuliwa ghafla na malaria, saiba yake ilikuwa imefungwa na mwenye nyumba. Nguo ziligawiwa, vyombo vikagawiwa. Kompyuta zilibaki nyuma ya kufuli la mtu mwingine, na hii ndiyo iliyosalia.

Mama Edinah aliagiza isiwashwe wala kuguswa hadi aje kuigawa mwenyewe.

Kabla hajafika, alifika Linah. Ni binti wa pekee wa Rosebella, hakuwa amejifunza kutembea mama yake alipokufa, akalelewa na nyanya yake, na sasa anasoma mwaka wa kwanza chuo kikuu kule Chepkoilel. Alipanda ngazi mchana kweupe, akapiga hodi koridoni. Ni hodi tu aliyosema. Chini, cherehani ya Mzee Wahome ilisimama. Kabura akaangusha kitana.

Ilikuwa sauti ileile.

Mpaka leo Linah akija hupunguza sauti, na watu wa jengo hujifanya hawajanyamaza. Yeye hakumbuki sauti ya mama yake hata kidogo. Nyumbani kuna picha moja, basi. Alimwuliza Nanzala kama ni kweli anafanana.

"Nilimwambia, mimi sikumjua. Lakini hawa wote wamekuogopa, kwa hivyo ni kweli," anasema Nanzala.

Alikuwa na jambo lingine la kumwambia, gumu zaidi. Ile mara ya pili mashine ilipowaka, yeye mwenyewe alikuwa mlangoni, na chini ya maneno ya Rosebella alisikia mlio hafifu wa kugonga, kok, kok, kok. Ni diski inayokufa. Sauti ilikuwa imehifadhiwa humo tu. Pengine ingewaka mara nyingi, pengine mara moja. Kwa kawaida angetoa nakala kwanza kabla ya kitu kingine chochote, lakini kutoa nakala ni kuiwasha, na Mama Edinah alikuwa amesema hapana.

Mama Edinah alifika Ijumaa na kaka yake na mkoba wa nguo. Aliamuru mashine itolewe koridoni kwenye mwanga. Wapangaji wote walikuwepo, hata mwenye jengo, na wengine ambao hawakuwa na kazi yoyote pale. Aliwaambia wazime simu na kuziweka mfukoni, maana vitu vya aliyekufa vikigawiwa watu hawapigi picha. Kila mtu alitii.

Alitaja jina la Rosebella, jina la baba yake, na nyumba alikotoka. Alisema kitu hiki kilichelewa lakini kimefika. Kisha akaweka mkono wa Linah juu ya mashine na kumwambia ni yako, ukitaka itumie, ukitaka uivunje.

Linah alisema angependa kusikia.

Nanzala aliichomeka. Feni ikaanza kuvuma, herufi zikapita kwenye kioo, jina likatokea. Wakangoja. Wapo wanaoapa kwamba koridoni kulizidi baridi, lakini ni Eldoret, na ilikuwa imenyesha. Mlio wa kugonga ulisikika ndani, mara tatu, nne. Halafu, kwa upole uleule:

"Mteja, umebakisha dakika tano. Maliza kazi yako."

Mama Edinah ndiye aliyejibu, akiangalia mashine kama mtu anayeangalia uso.

"Nilikumalizia, mayi," alisema. Mayi ni mama, na ndivyo wazazi wa Kibukusu wanavyowaita mabinti zao. "Huyu hapa."

Alimsogeza Linah mbele kidogo, kwa kiwiko, ili aonekane.

Wale waliokuwa karibu wanasema mlio ulinyamaza pale alipomaliza kusema. Nanzala anasema ulinyamaza kwa sababu mkono wa kusomea diski ulikwama, na anajua hivyo kwa sababu aliifungua baadaye akaangalia. Husema haya kwa uthabiti. Kisha huongeza, bila kuulizwa, kwamba ungeweza kukwama sekunde tano mapema.

Kioo kilizimika kikabaki cheusi. Linah aliisikia mara moja. Na katika korido iliyojaa watu wenye simu, hakuna hata mmoja aliyekuwa amerekodi.

Mashine haijachomwa. Ina mwenyewe sasa, na wapangaji waliotaka itupwe ndio wanaouliza kila siku imefikia wapi. Mzee Wahome ameishonea kifuniko cha kitambaa, na haonekani kuwa na nia ya kueleza kwa nini. Kabura alipendekeza jambo ambalo wengine waliliona la busara: si Linah arekodi yeye mwenyewe maneno yale, maana hakuna atakayetofautisha? Linah alikataa. Alisema akifanya hivyo, kesho kutwa yeye mwenyewe hatajua ni nani aliyesema.

Kwa hivyo Nanzala anatafuta diski pacha, ya kiwanda kimoja na toleo moja, ili mkono wake upandikizwe kwenye ile iliyokwama. Yupo fundi Nairobi mwenye chumba kisicho na vumbi aliyekubali kujaribu, akisema wazi kwamba anaweza kushindwa. Diski hizo haziuzwi tena popote. Nanzala ameuliza Cheptiret, ameuliza Kitale, na mwezi uliopita aliipata moja, ikiwa bado kazini, katika duka la dawa za mifugo la mzee aitwaye Kipyego huko Soy. Kipyego hakutaka kusikia. Mashine hiyo haijawahi kumwangusha.

Nanzala hakumbembeleza. Alimsimulia habari za Rosebella, akanywa mursik, maziwa ya kuganda, aliyopewa, akarudi mjini. Baada ya siku chache Kipyego alipiga simu. Msimu wa kupanda ukipita na wateja wakipungua, aje ahamishe kila kitu kwenye kompyuta nyingine, ndipo achukue anachohitaji. Nanzala huombea diski hiyo kila Jumapili, isife kabla.

Ameshapanga itakavyokuwa ikiwa fundi atafaulu. Hatataka umati mara hii, na Mama Edinah amesema kitu kikishagawiwa hakina tena masharti, simu ziwe wazi.

"Nitampa Linah kiti, nimwachie ufunguo, mimi na nyanya yake tukae kwenye ngazi," anasema. "Asikie mara mia kama anataka. Na stima ikikubali, asiizime. Aiache ihesabu mpaka iishe."