Chupa ya Jumatano

Muuguzi wa zahanati yetu alikuwa mpangaji wangu. Alipoletwa kijijini kwetu Tlawi, kwenye baridi, kutoka upande wa Pwani, na kikoti chake chepesi cha kuchekesha, mimi ndiye niliyempa chumba cha uani na blanketi la pili. Mimi ndiye niliyemfundisha kuwasha kuni zilizonyeshewa. Haukupita msimu tukawa tunakula sufuria moja. Aliniita dada, na kila asubuhi shikamoo yake ilinikuta nakamua ng'ombe. Nilimpenda, sitaki kudanganya.

Kliniki ya watoto ilikuwa Jumanne. Chanjo ya surua ilikuja kwenye chupa ya kutosha watoto wengi, na chupa ikishafunguliwa haikai, inayobaki inatupwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo muuguzi hakuifungua mpaka watoto watimie. Sisi hatukushangaa. Ndivyo tunavyofanya na ng'ombe wa nyama pale kijijini: hachinjwi mpaka wanunuzi watimie, la sivyo nyama itamwozea mwenyewe. Muuguzi alipotueleza habari ya chupa kwa mfano huo huo wa ng'ombe, akina mama walicheka, wakasema huyu sasa ni mtu wa kwetu.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anakaa ng'ambo ya korongo. Zahanati hakuitaka kabisa. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani akipelekwa hospitali, na tangu hapo kila aliyevaa koti jeupe alimwona mwongo. Alipopata huyu wa pili nilimbembeleza sana ampeleke akachanjwe. Nilimwambia, "Wifi, muuguzi ni mtu wangu. Anakula kwangu. Hawezi kukuangusha." Maneno hayo yananichoma hadi leo.

Akaja. Mvua ilikuwa inanyesha, tope limemfika karibu na magoti, mtoto yuko mgongoni chini ya mwavuli uliovunjika. Watoto hawakutimia, akaambiwa aje Jumanne nyingine. Jumanne hiyo akaja tena, nami nikamsindikiza, lakini maharage yalikuwa yanavunwa na akina mama wengi walikuwa shambani.

"Jamani dada, nisamehe," muuguzi aliniambia mbele yake. "Nikifungua kwa hawa wachache, wakubwa wangu watanila mzima mzima kwamba napoteza dawa. Mje tena Jumanne."

Wifi alisimama. Alimfunga mwanawe mgongoni, akatoka. Nilimkimbilia hadi getini.

"Sirudi," alisema.

"Ni utaratibu, wifi. Hata angekuja ndugu yake mwenyewe, asingefungua."

Nilimtetea mpaka mate yakanikauka, na mwishoni akakubali kwa shingo upande kujaribu mara moja tu. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Wiki hiyo mdogo wake muuguzi alikuwa amekuja kumtembelea, naye ana mtoto mdogo. Alhamisi asubuhi nilimkuta uani anambembeleza, mtoto analia.

"Hakulala?" nilimuuliza.

"Shikamoo dada. Kana joto kidogo. Jana si dada yangu alikachoma sindano ya surua."

"Jana Jumatano?"

"Ndiyo. Tulikuwa sisi tu, wala hatukupanga foleni."

Alisema kwa furaha, maskini, hakujua anachosema. Nilisimama na ndoo yangu ya maziwa. Kwa hiyo chupa inafunguka. Inafunguka hata siku isiyo ya kliniki, hata kwa mtoto mmoja.

Muuguzi aliporudi jioni sikumngoja avue viatu, nilimuuliza habari ya Jumatano.

"Dada, yule anasafiri," alisema. "Kwao ni mbali."

"Sawa, anasafiri. Na iliyobaki kwenye chupa?"

Akainama kufungua kamba za viatu.

"Umeipeleka wapi?"

"Nimeitupa, dada. Muda wake uliisha."

Hapo ndipo aliponimaliza. Kumchanja mtoto wa ndugu yake ningeweza kumeza, damu ni damu. Lakini chupa ilikuwa imeshafunguliwa, dawa ipo, inangoja kutupwa, na wifi yangu yuko ng'ambo ya korongo tu. Simu ninayo, na namba yangu anayo, ile anayonipigia kuniuliza kama chai imeiva. Hakunipigia. Nilimwambia atafute chumba kwingine.

Nilivuka korongo kumwahi wifi kabla hajasikia, lakini kijijini habari haisubiri mtu. Alikuwa mlangoni amempakata mtoto.

"Mtu wako," aliniambia. "Anakula kwako, eti?"

Akaingia ndani, akafunga mlango. Jumanne hakuja, na nilikosa uso wa kwenda kumwita.

Surua iliingia kijijini kabla mahindi hayajakauka. Mtoto wa wifi aliugua mpaka tukaanza kunong'ona. Mungu akatuachia, ila jicho la kushoto lilibaki na doa jeupe lisilofutika. Baadaye wakubwa wa afya walikuja kufanya mkutano, wakasema chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na kwamba hivyo ndivyo ilivyotakiwa siku zote. Watu walipiga makofi. Mimi nilimtazama muuguzi, naye alitazama viatu vyake. Muda si mrefu akahamishiwa Hanang.

Mwaka jana madaktari wa macho walikuja Katesh, huko huko Hanang. Wifi alinipa mtoto nimpeleke, bila maneno mengi. Tulilala kwa dada yangu aliyeolewa Balangdalalu, asubuhi tukaenda. Daktari akasema lile doa limeshakuwa kovu. Tulipotoka nilimnunulia mtoto ndizi sokoni, na pale kwenye ndizi nikasikia sauti ninayoijua.

"Shikamoo dada!"

Kwetu shikamoo haiachwi hewani, hata na mliyegombana naye. Niliiacha. Lakini mtoto kafundishwa adabu, akamwamkia yeye.

"Marahaba, mwanangu." Muuguzi aliinama karibu naye, upande wa kushoto. "Mbona hunitazami? Unaniogopa?"

"Hakuogopi," nilimwambia. "Upande huo haoni."

Mtoto akageuza kichwa, akamtazama vizuri kwa jicho lililobaki.