Mgongo Ukigusa Mchanga

Niliondoka nyumbani kwa sababu hakuna aliyetaka tena kushikana nami. Kwetu kando ya ziwa, mieleka ina sheria ambayo mtoto huijua kabla hajajua kuhesabu: mgongo wa mwenzako ukigusa mchanga, unamwachia, unageuka, unarudi mstarini bila kutazama nyuma. Aliyeanguka yuko na watu wa chini, wale waliokwisha kuzikwa, mpaka ainuke mwenyewe. Mwaka jana nilimwangusha rafiki yangu Masatu, nikageuka, kisha nikatazama nyuma. Jioni ile ile Masatu alifariki. Hakuna aliyenituhumu kwa mdomo, ila kila nilipoingia mchangani wenzangu walikumbuka kwamba wana ng'ombe wa kunywesha.

Basi binamu yangu Neema, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Sinza, alipopiga simu kwamba kuna ukumbi Temeke unaofundisha mapigano mchanganyiko, ngumi na mateke na mieleka humo humo, na kwamba wanatafuta mtu wa mieleka, nilikata tiketi kesho yake. Njia nzima kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Abiria walipanda, wakakitazama, wakaenda kukaa nyuma.

Stendi ya Mbezi, saa tisa alasiri, Neema alinipokea kwa kicheko. "Magesa, hiyo shingo utaivalisha shati gani?" Tulipofika Ubungo, foleni imesimama, aliniuliza taratibu kama bado namwota Masatu. Nikasema hapana. Nilimdanganya.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa Temeke. Ukumbi wenyewe ni ghala la zamani la korosho, na harufu ya maganda haijatoka. Mwanga unaingia kwa bati moja tu la plastiki juu, kwa hiyo watu wanaonekana vizuri wakiwa katikati, na wakisogea pembeni unaona meno na macho. Kocha ni mama wa makamo kutoka Newala, anaitwa Mwanaidi.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Wa mieleka ndo wewe? Haya, mshike Kimya."

Kimya ni mchonga vinyago, vidole vimejaa makovu ya patasi. Nilimwangusha kabla hajavuta pumzi ya pili, nikamwachia, nikageuka. Hatua ya tatu mkono ulinizunguka shingoni. Sikuwa nimemsikia akiinuka.

"Braza, mbona unanipa mgongo?" alininong'oneza sikioni. "Mie bado sijamaliza."

Nilipopata pumzi nikamuuliza kocha, "Akianguka si ameisha?"

"Hapa akianguka ndo kazi inaanza. Unamfuata chini, unamtazama usoni. Sasa wewe unamkimbia, kwani huyo mkweo?"

Walicheka wote isipokuwa Kimya.

Kwa siku mbili mwili wangu ulikataa. Kila mgongo ulipogusa mkeka, miguu yangu iligeuka yenyewe. Kilichonitia hofu ni kwamba Kimya hakuwa na haraka ya kuinuka. Alilala chali macho wazi, akingoja, nami nilihisi anavyonitazama kisogoni. Kule Sinza Neema aliniuliza kwa nini naoga nikisugua kisogo tu.

Siku ya tatu asubuhi kocha aliniita pembeni. "Leo ndo mwisho, mwanangu. Ukigeuka tena, beba begi urudi kwenu kwa amani."

Sikuwa na kwetu pa kurudi kwa amani, na yeye hakujua. Nilimshika Kimya kiunoni, nikamnyanyua, nikamtupa. Miguu ikaanza kugeuka. Nikapiga magoti kwa nguvu ili isiende, nikainama, nikamtazama usoni. Macho yalikuwa wazi, hayapepesi. Midomo ilikuwa inacheza, sauti haitoki. Ulikuwa uso wa Masatu.

Hapa niseme jambo ambalo ninyi wa nyumbani sijawahi kuwaambia. Siku ile nilipotazama nyuma, midomo ya Masatu ilikuwa inacheza. Alikuwa ananiambia kitu. Nikaogopa sheria, nikageuka tena, nikaenda mstarini. Sote tukampa mgongo, na tulipomwendea tulikuwa tumechelewa mno.

Niliona koo la Kimya linapanda na kushuka bila pumzi kupita. Mpira wa kukinga meno aliokuwa akiuuma ulikuwa umerudi nyuma ukaziba koo. Nikaingiza vidole viwili, nikauvuta. Alikohoa, akageukia ubavu, na kocha alikuwa tayari amemshika kichwa.

"Nilikuwa nakuita, braza," Kimya alisema baadaye, sauti imekwaruza. "Ulisikia?"

"Sikusikia. Nilikuona."

Kocha alisema nafasi yangu ipo, nianze wiki ijayo. Nikamwomba ruhusa kwanza nirudi nyumbani. Ndani ya basi la kurudi, kwenye kiti cha pembeni yangu, alikaa mzee mmoja, akanilalia begani mpaka Dodoma. Sikumwamsha. Nilifurahi kuhisi uzito wa mtu.

Nilifika kwa Mama Masatu saa kumi jioni, akiwa anageuza dagaa juani. Nilimwambia yote, pamoja na ile midomo. Niliomba moyoni anipige. Hakunipiga. Alisogeza dagaa, akafagia mchanga kwa kiganja.

"Lala nione."

Nililala chali kama mwanawe alivyolala.

"Midomo ilikuwaje?"

Nikamwonyesha. Alikaa karibu na kichwa changu, akaniambia nirudie, kisha nirudie tena, akiitazama kama mtu anayesoma barua. Hakuniambia alichosoma. Nilichojifunza Dar ni kumtazama aliyeanguka, lakini sikuwa nimewahi kutazamwa hivyo nikiwa chini. Nilitaka kuinuka, nikashindwa, machozi yakawa yananiingia masikioni.

Mama Masatu hakugeuka. Alipitisha mkono chini ya shingo yangu, akaniinua.