Esansi ya Wajawazito

Kila mwaka bajeti ya kituo chetu cha afya, upande wa Lusangi, ilikuwa ikiisha kabla ya mwaka wenyewe. Mimi ndiye muuguzi mkuu hapo, na jibu la ofisi ya zone, ile ya afya inayotugawia fedha, nilikuwa nalijua kwa moyo: "Mungoje nyongeza." Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwetu matumbo yenyewe yana watoto.

Mwaka ule esansi, yaani petroli ya pikipiki ya wagonjwa, ilikatika katikati ya mvua. Pikipiki nzima, imeegemea ukuta, kuku wanalala juu ya kiti. Ndipo akaletwa mama mmoja, uchungu umeshamshika, mtoto amekingama tumboni. Asipofika hospitali kupasuliwa, atakufa.

Tukarudia kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea mabegani. Desturi ni kwamba kila kijiji hubeba mpaka kijito cha mpaka wake, halafu kijiji kinachofuata hupokea. Siibezi desturi hiyo, imeokoa wengi. Lakini mgonjwa akifia kwenye ardhi ya wengine, wabebaji huulizwa maswali mazito, kwa hiyo hakuna anayevuka. Siku ile tulipofika kijitoni, ng'ambo hapakuwa na mtu wa kupokea. Wanaume wote walikuwa kwenye mashimo ya dhahabu. Wabebaji wetu wakamtua yule mama majanini, wakakaa.

"Mama muganga, mpaka yetu iko hapa," akasema mkubwa wao.

Niliwabembeleza, nikawatukana, nikawabembeleza tena. Jua likasogea. Mwishowe nikasema, "Akikufa kule, kesi iko yangu. Mutaje jina yangu." Ndipo wakainuka, wakavuka.

Hospitalini alipasuliwa, mama akapona. Mtoto alitolewa amekwisha kufa.

Mwisho wa mwaka tukaitwa zone kupanga bajeti mpya. Mstari wa esansi ya kituo chetu ulikuwa umefutwa. Nilidhani ni makosa, mpaka msimamizi wa fedha, mtu mpole kabisa, aliponieleza:

"Mama, miezi ile yote mulifanya bila esansi. Njo kusema haiko ya lazima."

"Papa, hatukufanya. Mutoto alikufa."

Aliinamisha macho. Akasema bajeti imeshafungwa, nisaini tu, nyongeza itaonekana. Nikaweka kalamu mezani. Wenzangu wakaguna kwamba nawachelewesha, mmoja akanivuta kitenge. Sikuinuka, wala sikusaini. Nilikuwa na hasira, na sikuionea haya.

Tulikaa hivyo mpaka wali wa mchana ukapoa. Mwishowe akaurudisha ule mstari, mwembamba, wa miezi michache tu, na sote wawili tulilijua hilo. Nikasaini.

Nilirudi kituoni kwa haraka. Yule mama alikuwa na mimba nyingine, na kwa hesabu yangu angejifungua baada ya esansi ile kuisha. Nikaketi siku ileile kuandika ombi la nyongeza.