Siku Walipokuja na Kamba

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani Tezo kumwona Kadzo akiondoka. Usishtuke, rafiki yangu, Kadzo alikuwa trekta. Ni jina la kike kwetu Giriamani, jina la kitu kizuri, na sijui nani alilianzisha, kwa maana trekta lenyewe halikuwa zuri. Lilikuwa dogo, rangi yake ya buluu imebabuka, kiti kimepasuka na kufunikwa gunia, na taa moja iling'oka kabla halijafika kwetu. Kwa miaka mingi lilikaa nyuma ya jiko, magugu yamelipanda hadi kwenye usukani. Mama ndiye aliyesema liondoke. Kuku walikuwa wakitaga chini ya kiti, nyoka akafuata mayai, na mama siku hizi haoni vizuri. Kaka yangu akawaita watu wa vyuma vikuukuu, na mimi nikaomba ruhusa kazini, ingawa sikujua hasa naenda kufanya nini.

Labda nilikwenda kwa sababu nimechoka. Ukichoka, unarudi kutazama waliochoka kabla yako.

Baba alikuwa dereva katika shamba la mkonge. Mwenye shamba alipofunga virago kurudi kwao, matrekta makubwa yalichukuliwa na watu wa mbali, na hili dogo, lililokuwa likivuta maji ya bustani, akamwachia baba kwa kumshukuru. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa msichana wa shule ya msingi. Nakumbuka baba alivyoingia nalo uani, polepole, amevaa shati lake la kanisani, na sisi watoto tukikimbia nyuma yake kwenye moshi. Mama alisimama mlangoni na unga mikononi. Alifurahi, nami nilimwona. Alidhani tumepata kupumzika.

Nikifumba macho bado nausikia mlio wake wa asubuhi. Lilikohoa, likanyamaza, likakohoa tena, kisha likashika, na harufu ya dizeli ikaingia jikoni na kukaa juu ya muhogo wa kuchemsha. Kazi ya kwanza ilikuwa maji. Mapipa yalipakiwa kwenye trela, baba akaenda lamboni, akarudi, akajaza mitungi yetu, na kabla hajashuka jirani alikuwa langoni. "Hodi wenyewe! Baba, na mimi nina pipa moja tu." Pipa moja tu lilikuwa na ndugu zake. Likiisha la jirani linakuja la mwalimu, likiisha la mwalimu linakuja la kanisa.

Baada ya maji zilikuwa nazi za kupeleka barabarani, makuti ya kuezekea nyumba ya fulani, mawe ya msingi wa nyumba ya fulani mwingine, magunia ya korosho, visiki vya kung'oa. Trela lililompeleka bi harusi Jumamosi ndilo lililobeba jeneza wiki ileile, limeoshwa kidogo kwa maji ya lambo. Wagonjwa walipelekwa hospitali ya Kilifi wakiwa wamelazwa juu ya majani makavu, na wajawazito walishika kingo za trela na kumlaani baba kwa kila shimo. Jioni baba alishuka kitini akiwa amekunjika. Alikuwa akikaa kwenye kigoda hatua chache kutoka kwa Kadzo na kunywa chai, mikono ikiendelea kutetemeka kwa mtetemo wa usukani. Nyanya yetu, tuliyemwita Hawe kama wote wa kwetu, alimtazama mwanawe na kusema, "Huyu ana mikono ya watu wote ila yake mwenyewe."

Sasa nikueleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa yaliyotokea. Kabla ya Kadzo, watu walilima kwa mweria. Mwenye shamba anapita nyumba kwa nyumba kuita watu, anapika, pombe ya mnazi inatafutwa, na siku ya siku majirani wote wanakuja na majembe yao. Wanapanga mstari, wanaimba, na jua likifika utosini shamba zima limegeuzwa. Kesho ni zamu ya mwingine. Na upande wetu ilikuwa adabu kwamba anayeongoza mweria, yule anayepanga zamu, shamba lake hulimwa mwisho. Asionekane anajipendelea.

Trekta lilipokuja, mweria ulikufa bila mtu kuuzika. Hakuna aliyekataza. Watu walianza tu kuja kwetu jioni badala ya kwenda kwa wenzao, na baba akawa ndiye mstari mzima. Walimpikia kama walivyokuwa wakiwapikia watu wa mweria, akala sima nyumba hii na sima nyumba ile asije akamuudhi mtu. Na kwa sababu sasa yeye ndiye aliyepanga zamu, shamba letu likawa la mwisho. Kila masika. Mahindi ya wenzetu yakifika magotini, yetu ndiyo kwanza yanachungulia.

"Anza na letu mara moja tu," mama alimwambia. "Mara moja, baba watoto."

"Watasema nini?"

"Watasema umelima shamba lako."

Baba akacheka kidogo na kutikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya, baba. Alikuwa mtu asiyeweza kutamka hapana, na mtu wa namna hiyo hukaa na watu vizuri sana huku mkewe akizeeka upesi.

Kisha ukaja mwaka ule ambao mvua ilichelewa na wazee wakasema itakuwa fupi. Ilipodondoka, watu walimiminika kwetu. Baba alilima alfajiri mpaka giza, nyumba kwa nyumba, na mama akihesabu mawingu. Lilibaki shamba letu na la mgema, yule jirani wetu aliyetugemea mnazi, na baba akamtanguliza mgema. Kwenye shamba la mgema, karibu na mpaka, Kadzo alitoa mlio wa kukwaruza, akasimama. Ilikuwa klachi. Baba alifungua, akafunga, akafungua tena. Alirudi nyumbani kwa miguu, mafuta meusi hadi viwikoni, na mama alipomwona tu hakuuliza.

Katika ghala letu juu ya jiko yalibaki mahindi ya mbegu na ya kula kidogo. Mvua ikipita kabla hatujapanda, hatukuwa na pa kushika mpaka mwaka mwingine. Hilo hata sisi watoto tulilijua, kwa sababu mama alianza kutupakulia kwa kijiko kidogo.

"Nenda ukaite mweria," mama alisema. "Wote umewalimia. Nenda ukawaite."

Baba alikwenda. Alivaa tena lile shati la kanisani. Alirudi amechangamka, akisema wote wameitikia, hakuna hata mmoja aliyekataa, kesho kutwa asubuhi watakuja. Mama akafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia uchungu. Alishusha mahindi ya kula, yote, akayasaga. Watu wa mweria hawalishwi nusu. Nilikuna nazi mpaka kucha zikachubuka, Hawe akachambua kunde, samaki wakavu wa ng'onda wakachomwa, na asubuhi ile jiko letu lilinukia kama sikukuu. Mama alikuwa amefunga leso mpya. Alikuwa akiimba.

Walikuja kweli. Walikuja wengi kuliko alivyotarajia, wanaume kwa wanawake, na mwalimu, na shemasi wa kanisa. Nakumbuka furaha iliyonipanda kuwaona wakijaa njiani. Mama alitoka kuwalaki, kisha nikamwona akisimama. Hawakuwa na majembe. Mabegani walibeba kamba: kamba za makumbi ya nazi, kamba za katani, mnyororo wa lango la kanisa, na mgema alikuwa na ile kamba anayofungia vibuyu vyake vya mnazi.

Mgema ndiye aliyesema kwa niaba yao. "Taireni!" akaita, kama wafanyavyo wazee barazani, na wote wakajibu, "Za Mulungu!" Kisha akamgeukia mama. "Shemeji, tumekaa jana tukalizungumza hili. Tukilima leo kwa mkono, tutalima shamba moja na migongo itakuwa imekwisha. Kadzo akipona, atalima hili lako, atamalizia langu, na maji atatuletea. Fundi yuko Kilifi. Tumeona tumvute tumpeleke."

"Na mvua nayo tutaivuta tuipeleke kwa fundi?" mama akauliza.

Wakacheka. Walidhani anawatania.

Mama akamtazama baba. Baba akatazama viatu vyake. Ilikuwa nafasi yake ya kusema hapana, hapana moja tu katika maisha yake yote. Mama akaingoja, nami nikaiona ikipita. "Hawana nia mbaya," baba alisema kwa sauti ndogo.

Na hawakuwa nayo, ndiyo taabu yake. Kwa kuwa njia ilikuwa ndefu waliomba wale kwanza. Wakala chakula chote, wakasifu kunde, wakaosha mikono. Kisha wakamfunga Kadzo kamba mbele na ubavuni, baba akapanda kitini kushika usukani, na wakaanza kuvuta. Walimvuta kwa wimbo wa mweria, wimbo uleule wa kulimia, hatua kwa hatua, hadi barabara kuu, na vumbi likawafunika. Kutoka Tezo mpaka Kilifi! Nguvu iliyokwenda barabarani siku ile ingelima shamba letu na la mgema, na jioni ingebaki ya kucheza ngoma.

Mama alisimama na sufuria tupu mkononi mpaka wimbo haukusikika tena. Akacheka mara moja, kicheko kikavu. Akavua leso mpya, akaikunja, akamkabidhi Hawe, akachukua jembe lake nyuma ya mlango. Mpini ulikuwa umeliwa na mchwa, na alipoupiga chini ukakatika. Akachukua mchi mkuukuu, akauchonga kwa panga, akaupachika. Sisi tulimtazama tu. Alianzia kona ya chini, karibu na mkorosho, kwenye udongo mweusi kidogo. Hawe alimfuata, kisha nikafuata mimi na kijembe cha bustani. Hatukuimba. Nilikuwa na njaa, kwa sababu chakula chetu kilikuwa kimekwenda Kilifi, na nakumbuka nilitamani kulia lakini nikaona mama halii.

Baba alirudi jua likielekea kuzama, peke yake, kwa miguu. Fundi alikuwa amefungua na kusema kifaa kitaagizwa Mombasa. Alitukuta bado tumeinama. Alichukua jembe mikononi mwa Hawe, akaingia kwenye mstari kando ya mama, na wakalima mpaka hawakuonana. Mama hakumtazama. Lakini alisogea kidogo kumpa nafasi.

Kifaa kilifika mvua imekwisha. Tulikula kile kilichotoka kwenye kona ile: kunde, muhogo, na mahindi ya kubembeleza. Tulikonda, lakini tulifika. Tangu hapo Kadzo alipona na kuharibika mara nyingi, na baba akaendelea kulimia watu, letu likiwa la mwisho kama kawaida. Ila kila masika, tone la kwanza likianguka, mama alikuwa ameshaingia kwenye kona yake na jembe, na ole wake atakayesogeza trekta pale. Kwa miaka mingi akitaja siku ile alisema, "Walikuja wengi, kwa kazi isiyo yangu." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja mahali panapomuuma.

Baba hayupo tena, wala Hawe. Mgema naye alishakwenda. Mashamba yale aliyoyalima baba yamekatwa viwanja na kuzungushiwa kuta, na lambo limejaa mchanga. Lori la watu wa vyuma halikuweza kupita kichochoro kilichobaki, likasimama barabarani. Kijana wao akaniuliza kama tunaweza kupata watu wa kumsukuma Kadzo hadi pale. Si mbali, rafiki yangu, ukiita mtu anasikia.

Nikatoka kuita. Lango la kwanza lilikuwa na kufuli. La pili msichana aliniambia wenyewe wako Mombasa. Kwenye kivuli vijana wa bodaboda walinisikiliza kwa heshima, wakaniamkia shikamoo, na kila mmoja akawa na mteja anayemngoja. Nikarudi na kaka yangu tu, na kaka anaumwa mgongo.

Basi wakaleta mashine ya kukatia. Ilipogusa chuma ilitoa ukelele uliotufanya tuzibe masikio, na kuku wakatawanyika. Walimkata Kadzo vipande vya kubebwa na watu wawili, magurudumu kando, usukani kando, na wakavipeleka barabarani kimoja kimoja. Mama alikaa kwenye kigoda cha baba, uso ameuelekeza kwenye ukelele ule ambao hakuweza kuona unatoka wapi.

"Mbona wanamkata?" akaniuliza.

"Hapana watu wa kumsukuma, mama."

Mikono yake, ile ya kona ya mkorosho, ilikuwa imelala juu ya magoti. Nilidhani atasema lile neno lake la siku zote.

"Na wale," akasema, "wale waliokuja na kamba, wako wapi?"