Attracta Mulhern na Msiba wa Barabara ya Kanisa

Attracta Mulhern amekaa dirisha la pili la chama chetu cha akiba na mikopo, katika mji wetu mdogo wa Kilbrack, kwa miaka thelathini na minne. Mimi, Dympna, nimekaa dirisha la kwanza miaka ishirini na sita, kwa hiyo nikisema mwanamke huyu ni mkaidi, msinibishie. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia padri, mbele ya foleni nzima, kwamba mkopo wa gari jipya hapati, kwa sababu lile la zamani kaliua mwenyewe kwa kuliendesha huku kavuta breki ya mkono. Padri akaenda kununua baiskeli. Hajakonda hata kidogo, lakini alinunua.

Hakuolewa, hana mtoto, na ukimhurumia kwa hilo atakutafutia dosari kwenye fomu zako mpaka ujute. Watoto wake ni wa mji mzima. Kila mwaka mwezi wa Mei, wakitoka kanisani Komunyo ya kwanza, wanaletwa moja kwa moja dirishani kwake na magauni yao meupe na suti za kubana, kila mmoja kakamata bahasha za pesa za shangazi na wajomba. Attracta anawafungulia akaunti, anawapa kitabu, anawaambia wafute pua. Halafu wanakua. Wanakwenda Dublin, Galway, Sydney, na akaunti zinabaki zimelala humo miaka na miaka, hakuna wa kuzigusa.

Sasa Septemba iliyopita akaja Fintan Gormley, mwenyekiti wetu. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na hajapona bado. Akatusimamisha mimi na Attracta kama tumechelewa kengele.

"Bodi imekaa," akasema. "Tunaungana na Dunmoyle. Ofisi hii inafungwa."

Jamani, Dunmoyle! Mji ambao ukitajwa kwetu watu wanaacha kula. Fainali ya mpira ya mwaka themanini na saba refa alikuwa shemeji wa kipa wao, na mpaka leo wanasema hawakujua.

"Kwa nini, Mwalimu?" Attracta akauliza. Nusu ya mji humwita hivyo, maana nusu ya mji kaichapa.

"Hatuna vijana. Nionyeshe mwanachama wa chini ya miaka thelathini aliyekanyaga hapa mwaka huu."

"Wapo. Wamelala tu."

"Basi waamshe. Mkutano mkuu ni Desemba. Ukiniletea vijana hamsini ukumbini, nitaacha wanachama wapige kura. Wasipofika, bodi inaamua yenyewe na hakuna kelele."

Fintan alisema vile kwa mzaha. Attracta hakucheka. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu, lakini yeye ile kaunta ndiyo maisha yake, na Dunmoyle hawakuwa na dirisha la kumpa. Wao wana mashine na kijana mmoja wa kuelekeza watu kwenye mashine. Tena kura angeshinda, hilo tulilijua wote wawili. Nani wa Kilbrack angenyoosha mkono kwa ajili ya Dunmoyle? Kazi ilikuwa kuwapata hao hamsini.

"Nipe ule ukurasa wa mtandaoni," akamwambia Fintan.

Ukurasa ule! Fintan ndiye aliyekuwa akiuendesha. Ulikuwa na picha moja tu, iliyopigwa mara arobaini: wanaume wanne wa tai wameshika hundi kubwa kuliko mlango, na mtu wa tano kafunikwa na hundi, inaonekana miguu tu. Waliopenda walikuwa kumi na mmoja. Tisa ni bodi yenyewe, mmoja ni mke wa Fintan, na wa kumi na mmoja alikuwa marehemu, mjane wake ndiye anayetumia simu.

Attracta akapelekwa Athlone kwenye semina ya siku moja. Akarudi na daftari limeandikwa "ongea lugha ya vijana." Wiki tatu alijaribu, na mimi nilikuwepo, nikaona aibu ile kwa macho. Aliweka paka. Aliweka maneno ya kutia moyo juu ya picha ya machweo. Alinirekodi mimi nikicheza nyuma ya kaunta, mimi na goti langu hili, akaandika "Akiba ni raha." Kijana mmoja alijibu kutoka Melbourne: "Mpelekeeni Dympna daktari."

"Hawatusomi," Attracta akasema siku hiyo, kakasirika kweli. "Lakini wanasoma kitu. Dympna, wewe ukiamka asubuhi, simuni unafungua nini kwanza?"

"Tanzia," nikamjibu. Sasa ningefungua nini kingine?

Akalifunga daftari la semina, akanitazama. Kila mtu wetu, akiwa kitandani, kabla hata ya chai, anaangalia nani kafa. Wa Sydney wanaangalia, wa Boston wanaangalia. Msiba ukikupita hujui, utaulizwa mwaka mzima kwa nini hukuonekana.

Kesho yake, saa tatu kasoro asubuhi, ukurasa wa chama cha akiba ukatoa hii:

"M.T., wa Barabara ya Kanisa, Kilbrack. Ghafla, baada ya kuachwa muda mrefu. Alizaliwa siku ya Komunyo ya kwanza, gauni likiwa la shangazi wa Boston. Hakutembelewa tangu shule ya sekondari. Anaombolezwa na Attracta na Dympna. Maua yaletwe na familia pekee. Kama unaweza kumfufua, fika dirisha la pili na kitambulisho."

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, alieleza kwamba aliyefariki ni akaunti.

Herufi ndogo! Kilbrack! Watu wetu wakishasoma jina na barabara wanaweka simu chini na kuanza kukata mkate wa kupeleka msibani. M.T. wa Barabara ya Kanisa ni mmoja tu, Muireann Tansey, muuguzi wa Galway, binti wa Bernie. Ilipofika saa nne kulikuwa na magari kumi na saba mbele ya nyumba ya Bernie Tansey, na foleni ya makoti meusi, na trei za mkate wa nyama ya nguruwe zimefunikwa taulo. Bernie alikuwa juu ya ngazi akipaka dari rangi. Akafungua mlango brashi mkononi, wakaanza kumpa mkono mmoja mmoja: pole kwa msiba, Bernie, pole sana, alikuwa mtoto mzuri. Alipeana mikono na watu sita kabla hajauliza nani kafa.

Akampigia simu binti yake akipiga kelele. "Muireann! Uko hai?"

"Mama, niko kazini."

"Jibu nilichokuuliza!"

Bernie alipoielewa habari yenyewe alikuja ofisini na rangi kwenye nywele, na maneno aliyomwambia Attracta siyarudii. Nitasema tu kwamba aliyastahili. Attracta mwenyewe alikiri. Alisimama, akasema, "Bernie, nimekosa, nimekutia hofu ya bure, nisamehe," na uso ulikuwa umemwiva. Bernie akakaa kwenye kiti cha wateja. Akalia kidogo, kisha akaanza kucheka, akashindwa kuacha, akatuuliza atafanya nini na trei kumi na nne za mkate.

Fintan yeye hakucheka. Alikuja na barua ya onyo kaiandika kwa mkono. Lakini alikuwa amechelewa, kwa sababu Muireann, wakati wa mapumziko kule hospitalini, alikuwa ameisambaza ile tanzia na kuandika: "Nimekufa, mama kapata mikate. Nani anafuata?"

Wakafuata, weee! Ilipofika jioni walikuwa mia nne. "Attracta, nizike na mimi." "Attracta, yangu iko hai?" Akawa anawajibu mmoja mmoja, kwa kidole kimoja, miwani puani, na hakuwabembeleza hata chembe. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho semina ya Athlone haikukijua. Watoto wale wote alikuwa anawafahamu.

Mmoja akaandika kutoka Sydney: "Ya kwangu vipi?"

"Inapumua kwa mashine," akamjibu. "Na mama yako anasema hujampigia tangu Pasaka."

"Nitampigia leo."

"Mpigie sasa. Yuko hapa mbele yangu."

Mwingine alitaka kujua kama anaweza kupata mkopo wa harusi. "Na nani?" Attracta akauliza. Alipotajiwa jina, akaandika, "Subiri mwaka mmoja kwanza." Watu elfu mbili walipenda hiyo, na ninavyosikia bwana harusi naye alikuwemo.

Miezi miwili iliendelea hivyo. Kila tanzia sasa ilikuwa na ruhusa ya mwenyewe, na neno "akaunti" lilikaa juu, kwa herufi kubwa, Bernie ndiye aliyelisimamia. Na kila moja ilimalizika kwa maneno yale yale: njooni mkutano mkuu, Jumapili ya pili ya Desemba, saa tisa mchana, ukumbi wa parokia, mje mseme wenyewe.

Wakaja. Nilisimama mlangoni nikihesabu, na nilipofika hamsini nilimkanyaga Attracta mguu kwa furaha. Walikuwa sitini na watatu. Wengine walitoka Dublin na basi la asubuhi. Wazee walikuwa wameshakaa mbele, makoti mwilini, sahani mapajani, wakingoja bahati nasibu ya kikapu cha Krismasi, ambayo ndiyo sababu pekee wanakuja kila mwaka. Fintan aliangalia ukumbi, akahesabu naye.

"Ahadi ni ahadi," akasema. "Tutapiga kura. Kuna mwenye neno?"

Muireann Tansey akasimama. Wazee wakampigia makofi kwa sababu yu hai.

"Nampenda Attracta," akaanza. "Sote tunampenda, ndiyo maana tupo hapa. Amesema tuje tuseme, nami nasema. Dirisha linafungwa saa kumi. Mimi natoka zamu saa mbili usiku, niko Galway. Mwaka jana nilitaka mkopo wa gari, nikaomba ruhusa mara mbili nije, nikakuta mmefunga kwa chakula cha mchana. Nikaenda benki, wakanichuna ngozi. Dunmoyle wana programu ya simu. Unaomba ukiwa kitandani. Samahani, Attracta."

"Dunmoyle!" akafoka mzee mmoja wa mbele. "Umesahau yule refa?"

"Mzee wangu, nilikuwa sijazaliwa."

Vijana wakacheka, na katika kicheko kile nikajua tumekwisha. Nikamgeukia Attracta. Alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, hakuonyesha kitu usoni. Nilitaka nimpige yule binti na sahani, nawaambia kweli. Miezi miwili mwenzangu anawaita kwa majina yao, anawafuta pua mara ya pili, halafu waje watufunge mbele ya macho yetu!

"Wanaotaka tuungane na Dunmoyle, wanyooshe mikono," Fintan akasema.

Nyuma kote mikono ikapanda. Mbele hakuna, mbele walikuwa wamefunga mikono vifuani. Fintan akaanza kuhesabu kutoka ukutani kwa kidole, taratibu, anavyohesabu watoto wakishuka kwenye basi. Na mimi nikahisi kitu kinapanda pembeni yangu.

"Attracta," nikanong'ona. "Attracta, teremsha mkono, umerukwa na akili?"

"Niliwaita mimi," akasema, na hakunong'ona. "Niliwaambia waje waseme. Wamesema."

"Wamesema tufungwe!"

"Nimesikia, Dympna. Mimi siyo kiziwi."

"Na wewe utakwenda wapi?"

Akaunyoosha juu zaidi. Fintan akafika mstari wetu, kidole kikasimama hewani. Akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake haikuwa ya mwalimu mkuu. "Una hakika, Attracta?"

"Hesabu, Mwalimu."

Akamhesabu, akaenda mstari wa nyuma. Mimi sikunyoosha, na singenyoosha hata leo. Lakini nilimshika kiwiko, nikauegemeza mkono wake, maana Fintan bado alikuwa na mistari saba.