Kifaa Kando ya Mkasi

Fundi cherehani huyu aliolewa akiwa kiziwi kabisa. Homa kali ilimwibia masikio yote mawili angali msichana, na mumewe, seremala mmoja mwenye mizaha, alimpenda hivyo hivyo. Akimhitaji, alipiga sakafu ya mbao kwa mguu mara mbili. Mke akahisi mtikisiko kwenye nyayo, akaja.

Baadaye madaktari walimpandikizia kifaa chini ya ngozi, nyuma ya sikio, na cha pili cha kunasa sauti kikashikiliwa nje kwa sumaku. Mwanzoni alisikia makelele tu, kama bati linalokwaruzwa. Miezi ikapita, na siku moja akamgeukia mumewe. "Kumbe sauti yako ndiyo hii? Mbaya hivi!"

"Basi warudishie kifaa chao," mume akamjibu. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Tangu hapo mume aliacha kupiga sakafu. Na mbao zilipooza, wakamwaga saruji bila kuwaza mara mbili. Miaka ishirini na ushei ikakatika. Kifaa cha nje kilibadilishwa mara kadhaa, lakini cha ndani hakikuwahi kusumbua. Wakazoea, jamani. Wakasahau kwamba uziwi bado umo humo nyumbani.

Kisha mume akaugua kifua, na daktari hakuwaficha kitu. Mume akaomba jambo moja tu. "Nikikuita, mke wangu, njoo. Sitaki kuondoka peke yangu."

"Nitakuja hata kwa magoti," mke akamwambia. Akahamishia cherehani chumba cha pili, mlango ukabaki wazi.

Asubuhi moja alikuwa na sare za shule za kumalizia. Mume amelala, usingizi mzuri. Cherehani ile kuukuu ilikuwa na kelele za kupasua kichwa, na mkono wake ukafanya uliyoyazoea: ukabandua kifaa cha nje, ukakiweka mezani kando ya mkasi. Nimalize kola hizi tu, alijiambia.

Aliyemshtua ni jirani, aliyeingia mbio na mapovu ya sabuni mikononi, akamvuta bega, akamwonyesha chumbani. Alikibandika kifaa huku anakimbia. Chumba kilikuwa kimya. Mguu mmoja wa mume ulikuwa umeshuka kitandani, unyayo juu ya saruji.

"Nilimsikia anakuita tangu naanza kufua," jirani alisema huku analia. "Nikajua unamsikia, dada yangu."

Baada ya matanga ilifika siku yake ya kupimwa kifaa hospitalini. Binti mpimaji akamwambia ainue mkono kila asikiapo mlio. Akainua, akainua, hata kwa milio iliyofifia kabisa.

"Hongera, mama," yule binti akatabasamu. "Kama kipya! Hakuna sauti inayokupita."

Fundi akashusha mkono, akaangua kilio, na kilio chake mwenyewe akakisikia chote.