Nilichagua Boti Kama Mtu Anayechagua Viti vya Sebule

Wewe unayesoma hii ukitafuta mahali pa kuandika kicheko, weka simu chini kwanza. Na nyinyi mnaosema "nimeelewa" na hamjaelewa kitu, sogeeni karibu, kwa sababu mimi ni mmoja wenu.

Admin, ficha jina langu na majina ya watoto. Nina miaka sitini na nane, ni mjane, naishi Mbotela kwa nyumba ile ile niliyolelea watoto watatu nikishona vitambaa vya viti. Shule niliishia darasa la tatu. Kiswahili naandika mwenyewe kama mnavyoona. Kizungu siwezi kusoma, na hakuna mtoto wangu anajua hivyo. Wakileta barua navaa miwani, naangalia, nasema "sawa". Nimefanya hivyo miaka yote.

Kifungua mimba wangu ni dereva wa watalii. Binti yake ana miaka kumi na tisa, na huko Naivasha alifundishwa kusimama juu ya ubao kwa maji huku boti ikimvuta kwa kamba. Anaipenda hiyo kazi kuliko chakula, anataka awe akifundisha wengine. Kwa hivyo watoto wangu wakaamua wanunue boti ya familia, ya kutembea sisi sote Jumapili na ya kumvuta huyo msichana afanye mazoezi. Kwetu kitu kikubwa hakinunuliwi kabla mama hajakishika na mkono na kusema ndiyo. Wakanipeleka Industrial Area, kwa yadi moja inauza boti zilizotumika.

Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa wazi, nyepesi, injini kubwa, na katikati imesimama nguzo ya chuma. Ya pili ilikuwa na chumba ndani, jiko dogo, choo, na viti vya ngozi rangi ya maziwa vimezunguka meza. Mjukuu wangu alinivuta kwa ile ya kwanza.

"Susu, ni hii," akasema, maana ndivyo Wakamba tunaita nyanya. "Nguzo ni ya kufunga kamba. Nyuma iko na ngazi ya kupanda ukitoka kwa maji. Na dereva anaona mtu aliye nyuma."

"Na mimi nikae juani kama mitumba ya Gikomba?"

"Tutakuwekea mwavuli."

"Mwavuli ni wa muuza mayai."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona vile viti. Nilikuwa nimeshavipigia hesabu ya vitambaa, kumi na mbili, vya waridi. Nilikuwa nimeshaona wamama wa kanisa wameketi hapo wakinywa chai juu ya maji, na yule mwenyekiti wetu anayejisifia sofa zake akipapasa ngozi ya viti vyangu.

Mwanangu alikuwa nje akiangalia magurudumu ya tela ya kubebea boti. Muuzaji akanipa karatasi ya Kizungu, akasema, "Mathe, soma hii kabla hamjaamua." Nikavaa miwani. Nikaangalia. Nikamwuliza, "Na mambo ya kuvuta, hii iko sawa?"

"Kuvuta hii ni rahisi, mathe. Hata pikapu ndogo itaifikisha Naivasha."

Sikieni vizuri. Nilijua anazungumza juu ya boti kuvutwa barabarani. Nilijua. Nikakunja karatasi nikaiweka kifuani, nikatoka nikamwambia mwanangu, "Nimesoma, na nimeuliza mambo ya kuvuta. Iko sawa. Chukua ya viti."

Siku ya kwanza ziwani mwanangu alitafuta mahali pa kufunga kamba akakosa. "Mama, ile karatasi ilisema tufunge wapi?"

Nikamwonyesha zile reli zilizozunguka ukingo wa boti. "Si hizo ni chuma? Funga hapo."

Msichana akaingia kwa maji. Boti ni nzito, ikawa inainua pua tu na kukoroga maji, yeye hainuki. Babake akaongeza moto. Reli ikang'oka yote, ikarudi nyuma na kamba, ikampiga begani. Mfupa ulivunjika. Daktari anasema utaunga, lakini mwaka huu asiguse kamba.

Babake alimfokea akiwa bado amelowa. "Nilikuambia uachilie. Unang'ang'ania kamba kama ng'ombe." Mtoto akaniangalia mimi. Nami niliketi pale juu ya kitambaa changu, nikakinyoosha pembe.

Nilipeleka ile karatasi kwa jirani yangu, mama wa Kiislamu aliyekuwa karani, nikadanganya kwamba miwani imevunjika. Akanisomea: boti hii ni ya kutembea polepole, isivute mtu, na reli ni za kushika kwa mkono tu. Akaniuliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna.

Sasa mwanangu amepeleka reli kwa fundi wa kuchomelea, na anasema imekuwa ngumu kuliko mwanzo. Jumamosi anabeba watoto wawili wa dadake, mmoja ana miaka saba, awavute wameketi juu ya mpira wa hewa. Msichana anashinda hapa kwangu, mkono umefungwa kifuani, na babake hajamsemesha wiki tatu.

Sijawahi kumwambia mtoto wangu kwamba nimekosa. Hata marehemu mume wangu sikumwambia. Jana nilimwita mwanangu nimweleze, akaketi, nikafungua mdomo, nikaishia kumgombeza kwa nini hanyoi ndevu. Akacheka akaenda zake.

Kusema nitasema, hilo msinishauri. Mniambie tu mtu mzima kama mimi anaanza na neno gani. Asitokee mtu wa kuniambia nimwachie Mungu, Mungu hakuficha karatasi ya mtu. Wala msiseme nimtume mchungaji. Leo ni Jumatano, na mwanangu anapita hapa kesho jioni. Niandikieni hilo neno, liwe fupi, na mliandike leo.